Sura ya Saba: Dhahabu Iliyogeuka Buluu

"Mimi nitukane, nimezoea," Samatar alisema. "Lakini huyu amekukosea nini?"

Huyu alikuwa ngamia jike mwenye kope ndefu na dharau ya mke wa chifu. Alikuwa amesimama ndani ya boma lake nje kidogo ya mji wa Kitui, akimtafunia Kanyiva Mulei usoni bila haya. Kanyiva alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka kumi na minane, na upelelezi wa kibinafsi miaka minne juu yake. Ofisi yake ilikuwa Sultan Hamud, juu ya duka la dawa za mifugo. Alikuwa amehoji wezi, wachungaji, wake wenza na mwalimu mkuu mmoja aliyejificha ndani ya tangi. Ngamia ndiye alikuwa wa kwanza.

"Sijamtukana, mzee. Nimeuliza tu kama ndiye."

"Ndiye! Suban. Soma sikio."

Kanyiva akasoma sikio, kwa mbali. Kibati cha njano, namba kumi na saba. Akafungua daftari: fomu ya kituo cha utafiti, namba kumi na saba.

"Haya. Sasa nieleze polepole, kama unamweleza mtu aliyeanguka mtihani wa sayansi mara mbili."

"Mara mbili?"

"Ya tatu sikwenda."

Samatar akacheka, akaegemea mlango wa boma. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye ndevu zilizotiwa hina na simu mbili zisizonyamaza. "Wanamdunga sumu ya nyoka kidogo sana. Ya koboko. Yeye hajali, anaendelea kula. Lakini ndani ya damu yake mwili unatengeneza askari wa kukamata ile sumu. Alhamisi ya wiki juzi Nduku wa maabara akaja, daktari wa mifugo akatoa damu. Nduku akaiweka kwa sanduku la barafu, akafunga utepe, tukatia sahihi juu ya utepe sisi watatu. Nusu ya sahihi kwa utepe, nusu kwa sanduku."

"Tia sahihi yako hapa."

Samatar akaandika kwenye daftari, mkia wa herufi ya mwisho ukarudi nyuma kama nge. Kanyiva akatoa picha ya sanduku, iliyopigwa na mlinzi lilipofika Kathonzweni. Nge yule yule alikuwa amekaa juu ya utepe, hajakatika popote. Na zile sahihi mbili nyingine pia zilikuwa nzima.

"Mbona Nduku hakurudi siku ile ile?"

"Gari lilikataa. Alilala kwetu. Sanduku tukaliweka kwa friji, mke wangu Kowsar akatoa nyama yote ili liingie. Abaayo, dada yangu, siku ile majirani walikula kama harusi." Kisha uso ukabadilika. "Ati wanasema ameuza damu ya kweli akaweka nyingine? Nani anunue? Hata maziwa ya ngamia watu wa hapa wanakunjia pua."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kituo kimoja kidogo cha kutafiti sumu za nyoka, kule Kathonzweni upande wa Makueni, kilikuwa kinatafuta dawa ya kuumwa na koboko. Damu ya Suban ilipofika maabara, majaribio yote yaliharibika. Mkurugenzi akasema damu ya kweli imeuzwa na sanduku likajazwa uchafu, na mkono uliobeba sanduku ulikuwa mmoja tu, wa Nduku Mutisya, fundi wa maabara. Jumatatu akasimamishwa kazi. Leo Alhamisi, ikifika saa kumi jioni, barua ya kumshtaki ingepelekwa polisi. Bodi ya kituo ilikuwa imempa Kanyiva mpaka saa hiyo hiyo. Na mtu wa maabara aliyeshtakiwa kuiba sampuli hapewi tena hata chupa za soda kuosha.

"Mwambie Nduku," Samatar alisema akimfungulia lango, "Suban anamsalimia."

"Amesema hivyo?"

"Angekuwa hakupendi ungeshatemewa."

*

Kathonzweni alifika saa sita kasoro, koo likiwa limekauka kwa vumbi. Akasimama sokoni kwenye kibanda, akaletewa chai. Maziwa yalikuwa yamekatika vipande vipande juu ya kikombe, na ladha ilikuwa ya mtu aliyelia ndani yake.

"Pole, mwaitu," mwenye kibanda alisema, akimwita mama kwa Kikamba, kabla hajaulizwa. "Lori la maji halijakuja mwezi sasa. Hapa ni kisima tu, na kisima ni chumvi."

Kanyiva akainywa nusu, kwa adabu.

Daktari Nyamai, mkurugenzi wa kituo, alikuwa mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, mpole mpaka akasirike, na alikuwa amekasirika tangu Jumatatu. Barua ilikuwa mezani, imepigwa muhuri tayari. Mama wa makamo mwenye kitambaa cha kichwa akaingia na birika, akamimina, akatoka. Hii chai ilikuwa nyororo, ya kahawia, haina hata punje ya maziwa iliyokatika. Kanyiva akaongeza kikombe cha pili.

"Daktari, mimi kabla sijamfunga mtu napenda kujua kosa. Nionyeshe kilichoharibika."

"Chukua unywele wako."

"Huu ni wa kununua."

"Wowote. Upasue kwa urefu, vipande elfu tano. Upana wa kipande kimoja ndio upana wa chembe zetu za dhahabu. Hiyo ndiyo nanoteknolojia." Akainua chupa yenye maji mekundu kama ya bitiruti.

"Dhahabu mimi naijua ni njano."

"Ikiwa kubwa. Ikiwa ndogo hivi, na chembe zikikaa mbali mbali, ni nyekundu. Zikisongamana inageuka buluu. Sasa kila chembe tunaivisha protini ya ngamia, hao wanaoitwa askari. Sumu ya koboko pia ni protini. Ukiitia, inashikwa na chembe hii, na hii, na hii, zinavutwa pamoja..."

"Kama watu wamesikia kuna unga wa msaada."

"Zinavutwa pamoja," Daktari alirudia kwa subira, "na rangi inageuka. Ndivyo tunavyoona kwa macho protini mbili zikikutana. Darubini ya kawaida haikuonyeshi hilo."

"Kwa hivyo buluu ni habari njema."

"Buluu mahali pa buluu!" Akamsukumia kibao chenye vijirija kumi na viwili, mirija midogo ya kioo. Vyote vilikuwa rangi ya wino. "Hivi sita vina sumu. Sawa. Hivi sita havina sumu hata tone. Vimeshika nini? Hewa? Nimerudia mara tatu kwa mikono yangu. Nimebadilisha vijirija, nimebadilisha sumu, nimefungua dhahabu mpya. Maji nimeulizia kila mfanyakazi, mmoja mmoja: maji ni safi? Safi. Kimebaki kile kilichotoka kwa sanduku la Nduku."

Kanyiva akaandika yote. "Na ukitia dhahabu peke yake, bila kile cha sanduku, inakuwa rangi gani?"

"Bila protini hakuna jaribio, Bi. Mulei."

"Kabla ya Jumatatu, mara ya mwisho kushika hivi vijirija ilikuwa lini?"

Daktari akarekebisha tai. "Miaka tisa. Lakini mikono haisahau."

Kanyiva akaandika na hilo.

"Na kuna hii." Daktari akamtolea karatasi ya simu za kituo, namba moja imezungushiwa wino mwekundu. "Wiki aliyokwenda Kitui, Nduku alipigia mtu mmoja Nairobi mara saba. Simu fupi fupi. Mara saba! Huyo ndiye mnunuzi."

*

Nduku walikuwa wamemkalisha chumba cha mlinzi, langoni, kama mzigo unaosubiri mwenyewe. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na tisa hivi, mikono imefungamana magotini.

"Wakya, Nduku," Kanyiva akamsalimia kwa Kikamba.

"Aa."

"Nimetoka Kitui. Kuna mtu mwenye shingo ndefu anakusalimia."

Nduku akatabasamu kwa nusu sekunde. Kanyiva akavuta kiti, akaweka ile karatasi mbele yake.

"Mara saba. Huyu ni nani?"

Nduku akaigeuza karatasi uso chini.

"Nduku, nimeona sahihi za sanduku. Nzima. Nimeona mahali ulipolala. Hii namba ndiyo imebaki, na saa kumi haiko mbali. Ni mpenzi?"

"Hapana!"

"Ameoa?"

"Nimesema si mpenzi. Ni fundi."

"Fundi wa nini?"

Nduku akatazama dirishani kuelekea ofisi ya mkurugenzi. "Tuliambiwa tusiseme mbele ya bodi."

Kanyiva hakubembeleza. Akaipiga ile namba kwa simu yake mwenyewe, akaweka sauti juu. Ikaita mara mbili.

"Nduku!" mwanamume akapaza sauti upande wa pili bila salamu. "Aki ya Mungu nimekuambia spea ya mashine haijafika! Hata ukinipigia na namba mpya! Maji mtakunywa ya betri mpaka mwezi ujao!"

"Asante, fundi," Kanyiva alisema, akakata. Akamgeukia Nduku. "Maji ya betri?"

Ikabidi aseme yote. Kituo kilikuwa na mashine ya kuchemsha maji yakawa mvuke, na mvuke ukapozwa ukarudi maji yasiyo na chochote ndani. Iliungua wiki tatu zilizopita. Daktari alikuwa amewaahidi wageni wa bodi kwamba kila chombo kinafanya kazi, kwa hivyo akaamuru watu wanyamaze. Nduku akatafuta njia. Malili kuna muuzaji wa betri za magari ambaye maji yake ya kujazia betri ni hayo hayo ya mvuke, akawa anayaagiza kwa mitungi ya lita ishirini.

"Na yalikuwa mazuri?"

"Niliyapima. Mpaka Jumatano kabla sijaenda Kitui, majaribio ya damu ya zamani yalikuwa sawa kabisa. Nyekundu mahali pa nyekundu."

"Hiyo mitungi inakaa wapi?"

"Koridoni, karibu na mlango wa nyuma. Sasa nani aibe maji?"

Kanyiva alikuwa ameshasimama. "Njoo unionyeshe maabara."

"Sina ruhusa. Barua inasema nisiguse kitu."

"Inasema usitazame?"

Nduku akafikiria. "Haisemi."

Wakasimama mlangoni mwa maabara, Nduku vidole vya miguu vikiwa sawasawa na kizingiti, kama mtoto mbele ya kanisa la watu wengine. Macho yake yakapita kila rafu, yakasimama kwenye vioo vilivyopinduliwa vikauke.

"Hiyo alama nyeupe," alisema taratibu. "Chini ya kila kioo. Duara."

Kanyiva akasogea. Kweli, kila kioo kilikuwa kimeacha pete ya ukungu mweupe. Kwao kila sufuria ilikuwa nayo, mama yake alikuwa akiisugua kwa jivu na haitoki. Akalowesha kidole, akagusa ile pete, akakipeleka mdomoni.

"Usilambe! Toa mkono!" Nduku akapiga kelele. "Hapa ni sumu ya koboko, afande! Hapa hakuna kulamba!"

Kidole kikasimama sentimita mbili kutoka kwenye ulimi. Kanyiva akakishusha kwa heshima zote.

"Nimekubali. Nitajuaje ni chumvi bila kulamba?"

"Kausha tone. Lakini chumvi itoke wapi?" Nduku akashika mwimo wa mlango. "Wiki iliyopita niliona ukungu kidogo, nikadhani ni sabuni. Afande, kama ni chumvi... dhahabu haivumilii chumvi. Chembe zinakaa mbali kwa sababu zinasukumana. Ukitia chumvi kabla hujazivisha, zinaacha kusukumana, zinaangukiana tu. Bila sumu, bila ngamia, bila mtu yeyote."

"Zinakuwa buluu."

"Zinakuwa buluu."

Kanyiva akatazama saa. Saba na nusu. Kuna mahali pamoja kwenye kiwanja hiki palikuwa na maji yasiyo na chumvi, wakati soko zima halikuwa nayo, na yeye alikuwa ameyanywa vikombe viwili.

*

Jikoni, yule mama wa kitambaa alikuwa anachambua maharagwe. Jina lake Ndila. Alikuwa amepikia kituo tangu msingi ukichimbwa, na alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwake, jambo alilolisema kabla ya kuulizwa jina.

"Mwaitu, naomba kuona birika."

"Imefanya nini?"

"Imenifurahisha."

Ndila akampa. Kanyiva akachungulia ndani, akapitisha kidole. Chuma kitupu, kinang'aa. Birika la mwezi mzima wa maji ya kisima lingekuwa na ukoko kama ganda la yai.

"Daktari alikuhoji?"

"Alinihoji. Akauliza kama nimeiba kitu maabara. Mimi! Nikamwambia tangu nizaliwe sijaiba hata sindano."

"Akauliza na maji."

"Akauliza yale ya mitungi kama ni safi. Nikamwambia safi kabisa. Ukiangalia unaona mpaka chini."

Kanyiva akaweka birika mezani. Swali la Daktari lilikuwa limeulizwa watu tisa na kujibiwa kwa ukweli mara tisa. Akabadilisha neno moja.

"Ni matamu?"

Ndila akamtazama kama ameulizwa kama moto ni baridi. "Matamu? Si ni ya kuosha!"

"Nieleze, mwaitu. Mimi mgeni."

"Wewe ni Mkamba na hujui? Maji ya chumvi ni ya kuosha, maji matamu ni ya kunywa. Sasa hawa watoto wamesoma, lakini ya nyumbani wameyasahau." Akaacha maharagwe, mikono ikaingia kwenye hadithi. "Alhamisi ile Nduku amekwenda, niko na wageni wa bodi kesho yake. Lori hakuna, na tangi ndiyo limekauka. Nitawapa chai ya kisima, maziwa ikatike mbele ya watu wa heshima? Nikapita koridoni, nikaonja mtungi mmoja. Woi! Matamu kama ya mvua! Na hayo ndiyo wanaoshea vichupa! Watu wanaamka na punda kwenda kuchimba mchanga wa mto, na hapa maji ya kunywa yanaosha vichupa. Nikajua wamechanganya mitungi. Nikawarekebishia."

"Ukayachukua."

"Nilibadilisha! Kuchukua ni kuiba. Matamu nikaleta jikoni, mitungi nikaijaza ya kisima mpaka shingoni. Sikupunguza hata kikombe. Na tangu siku hiyo kila mtungi ukifunguliwa, naurekebisha."

"Mbona hukumwambia Daktari?"

"Aliniuliza safi. Kwani ni machafu?"

Kanyiva akajaribu kubaki na uso wa kazi. Alishindwa, akakaa juu ya gunia la viazi na kucheka mpaka akashika mbavu. Ndila akaanza kucheka pia, kwa kufuatisha, kisha akanyamaza.

"Nimefanya vibaya?"

"Umefanya kama mama yeyote wa huku. Basi tu hawakuwahi kukuambia dhahabu inaogopa chumvi." Akafuta macho. "Kuna mtungi hujaurekebisha?"

"Mmoja, umekuja jana. Bado una mfuniko wa kiwanda."

"Usiuguse. Hata kwa maombi."

*

Saa nane na dakika ishirini walikuwa maabara watu wanne, na Kanyiva ndiye aliyepanga kila kitu, kwa sababu jambo lisilopangwa hukanwa kesho yake. Daktari angefanya kwa mikono yake. Nduku angekaa kizingitini. Ndila angekuwa shahidi. Mfuniko wa mtungi mpya ulipigwa picha ukiwa mzima, kisha ukakatwa.

"Kwanza matone," Kanyiva alisema.

Daktari akaweka matone matatu juu ya kioo chenye moto chini yake: la mtungi wa koridoni, la ndoo ya jikoni, la mtungi mpya. Yakachemka, yakakauka. La jikoni na la mtungi mpya hayakuacha kitu. La koridoni liliacha duara jeupe, nene, zuri kabisa la kuonyesha mahakamani.

Daktari akakohoa. "Hii inaonyesha maji tu."

"Ndiyo. Sasa dhahabu. Vijirija viwili, vipya. Usitie ngamia. Usitie nyoka."

Daktari akamimina ile dhahabu nyekundu katika vyote viwili. Cha kushoto akakiongeza maji ya mtungi mpya. Ikabaki nyekundu, imepauka kidogo. Cha kulia akakiongeza maji ya koridoni.

Hakuna aliyehitaji kuhesabu. Wekundu ulizama ukawa zambarau, zambarau ikawa wino, mbele ya macho yao.

"Woi," Ndila alisema. "Imejiua."

"Daktari," Kanyiva akasema, "hapa pana sanduku?"

"Hapana."

"Pana Kitui? Pana mnunuzi wa Nairobi?"

Daktari Nyamai alikuwa amekiinua kile kijirija juu ya dirisha. Alikuwa mtu mwenye majivuno, lakini hakuwa mwongo, na rangi aliiona.

"Niliwauliza wote," alisema. "Niliwauliza kama ni safi."

"Na wote walikujibu kweli."

Daktari akageuka mlangoni. Nduku alikuwa bado amesimama pale pale, vidole kwenye kizingiti, machozi yanashuka na hayafuti kwa sababu alikuwa ameamriwa asiguse kitu.

"Nduku. Samahani sana."

"Samahani ni ya mdomo," Kanyiva aliingilia kabla hajapata jibu. "Barua ilikuwa ya karatasi."

Daktari akatoka, akarudi na ile barua yenye muhuri, akaipasua vipande vinne.

"Hiyo nayo haitoshi. Kuchana hakuachi nakala kwenye faili. Andika nyingine: tuhuma zimeondolewa, amerudishwa kazini tangu Jumatatu, bodi ipewe nakala, faili lake lipewe nakala. Na sababu uiandike yenyewe, mashine iliungua na bodi haikuambiwa. Nimewahi kuondolewa mashtaka kwa mdomo, daktari. Miaka sita baadaye faili bado lilikuwa linanishtaki."

Daktari akameza mate kwenye ile sehemu ya mashine, lakini akaandika. Kanyiva akaisoma mara mbili, akamrudisha akaongeze tarehe, akaipiga picha, akaituma kwa mwenyekiti wa bodi akiwa amesimama hapo hapo. Saa tisa kasoro dakika kumi jibu likaingia: *Tumepokea. Arudi kazini.* Akamshikisha Nduku simu aisome mwenyewe. Nduku akaisoma, akavuka kizingiti.

"Na mimi?" Ndila akauliza kwa sauti ndogo.

Daktari akafungua mdomo. Kanyiva akamtazama. Daktari akaufunga, akawaza upya.

"Mama Ndila, kuanzia leo mitungi ya maabara itaandikwa KOBOKO. Kwa herufi kubwa."

"Hapo sitagusa."

"Na chai..." Daktari akahema. "Nitaagiza mitungi miwili zaidi, ya jikoni."

Nduku hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshavaa koti lake jeupe na glavu, ameshatoa kwenye friji chupa ndogo ya protini ya Suban. Akaipitisha kwenye kichujio kuitoa chumvi, akaivisha dhahabu kwa maji ya mtungi mpya, akasubiri. Akapanga vijirija kumi na viwili. Sita akavitia tone la sumu. Sita akavitia maji.

Saa ikafika kumi bila mtu kuitazama.

Vile sita vya maji vilibaki vyekundu. Vile sita vya sumu vilikaa vyekundu pia, dakika moja, mbili, mpaka Daktari akaanza kugusagusa tai. Ya tatu, cha kwanza kikaingia zambarau. Halafu cha pili. Si ule mporomoko wa chumvi, huu ulikwenda taratibu na kwa mpango, kimoja kimoja, mpaka vyote sita vikawa buluu upande mmoja na vyote sita vyekundu upande wa pili, na mpaka katikati umenyooka.

"Vimeshikana," Nduku alisema. "Wamemshika koboko."

Kelele zikapanda. Ndila akapiga vigelegele bila kujua vizuri kilichoshinda. Daktari Nyamai akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kibao, akacheka kama mtu aliyerudishiwa miaka tisa, akaita Kanyiva naye aje kuona, na Kanyiva akainama kando yake, na Ndila akaweka kichwa katikati yao.

"Tokeni," Nduku akasema.

Wakamtazama.

"Hamna koti, hamna glavu, na mnapumulia kazi yangu. Daktari, wewe wa kwanza."

Mkurugenzi akajinyoosha, akakumbuka ni nani aliyeandika barua gani saa moja iliyopita, akaenda. Nyuma yake akatoka mwenyekiti wa akina mama, na nyuma ya mwenyekiti mpelelezi, na mlango ukafungwa kwa ufunguo kutoka ndani.